Kampuni ya kutudaia hela za upepo uliozimwa: tumekaa nao miaka mitatu kasoro, nawapa nyota 3 na kidogo

Haya wadau, hii kitu niliahidi kuiandika tangu mwaka jana na kila siku naahirisha, sasa mkataba unaisha Desemba na mwenyekiti wetu kaniuliza tuendelee nao ama tuachane nao, ikabidi nikae chini nipige hesabu vizuri. Nikaona basi acha niandike na kwa Kiswahili manake kuna vijana wa nyumbani kama wanne hivi nawajua wako kwenye hizi kazi za mitambo ya upepo huku Ujerumani, na mwingine yuko Kajiado, na wote huniuliza swali lilelile: mkikatazwa kutoa umeme ile hela mnaipataje?

Kwa asiyenijua, mimi ni mtu wa ofisi, sipandi juu ya mtambo, kizunguzungu kingeniua. Nafanya makaratasi ya shamba la upepo la mitambo mitano huku kaskazini karibu na bahari. Wenyewe ni wanakijiji, wafugaji wa ng'ombe, mwalimu mstaafu, fundi bomba, walichanga hela wakakopa na benki wakasimamisha mitambo. Mwenyekiti ni mzee wa miaka sabini na kitu, anakama ng'ombe asubuhi afu ndio anakuja kwenye kikao na viatu vya mpira. Sitaji jina la kijiji wala la hii kampuni ya madai wala la kampuni ya nyaya (wenye laini za umeme tulizounganishwa nazo), kuna mambo bado yako kwa wakili na mimi kazi yangu naipenda.

Kwanza tuelewane tunazungumzia nini. Huku kaskazini upepo ni mwingi na watu ni wachache, viwanda vikubwa vinavyokula umeme viko kusini kule Bavaria na Baden-Württemberg. Katikati nyaya hazitoshi. Kuna laini moja kubwa ya chini ya ardhi inaitwa SuedLink, kama kilomita 700, gigawati 4, ilitakiwa iwe tayari 2022, watu wa Bavaria wakagoma hawataki nguzo mashambani kwao, mwaka 2015 ikapita sheria kwamba kebo zizikwe, mipango ikaanza upya na sasa wanasema 2028. Kwa hiyo siku ya upepo mkali umeme unajaa huku juu kama maji kwenye mtaro ulioziba, na watu wa gridi wanatuma amri: punguzeni. Kwetu kuna kiboksi kwenye sabstesheni, inaingia ishara, 60%, au 30%, au 0%, na mitambo inageuza mapanga yenyewe, upepo unapita hivi hivi. Hakuna mtu anakupigia simu kukuomba. Mwaka 2023 nchi nzima walizima zaidi ya megawati-saa milioni 10 za umeme wa aina hii, sehemu kubwa ni upepo, na hizo ni yuniti bilioni 10, yaani unakaribia umeme wote Kenya Power inaouza mwaka mzima. Ukiisikia hiyo mara ya kwanza unashika kichwa.

Sheria inasema ukizimwa hivyo ulipwe. Zamani, kuanzia 2012, ilikuwa asilimia 95 ya ulichopoteza, mpaka hasara ipite asilimia 1 ya mapato yako ya mwaka ndio zinazozidi hapo unalipwa zote. Tarehe 1 Oktoba 2021 ukaingia utaratibu mpya wanauita Redispatch 2.0, na humo fidia ni kamili, mtambo wowote kuanzia kilowati 100 umo. Kwenye karatasi ni utaratibu mzuri sana. Tatizo ni kwamba hela haiji yenyewe. Lazima mtu aseme: tarehe fulani, kuanzia robo saa hii mpaka robo saa hii, mtambo namba tatu ungetoa kiasi hiki, ukatoa kiasi hiki, tofauti ni hii, bei ni hii, lipa. Na anayelipa ni kampuni ya nyaya uliyounganishwa nayo hata kama foleni yenyewe iko kwenye laini kubwa ya wenzao kilomita mia mbili huko, wakishakulipa watadaiana wenyewe huko mbele, na hapo katikati ndio barua yako hupotelea.

Ndio tukaajiri hii kampuni. Mkataba ulianza Januari 2023.

Kabla yao nilikuwa nafanya mwenyewe kwa eksel. Nacheka nikikumbuka. Eksel ile ilikuwa na shiti arobaini na kitu na nilikuwa naifungua kwa bismillahi manake kompyuta ilikuwa ikiganda. Tulikuwa tunatumia njia rahisi kuliko zote, ile ya jumla jumla: unachukua robo saa ya mwisho kabla amri haijaingia, unaangalia mtambo ulikuwa unatoa kiasi gani, unasema basi ungeendelea kutoa hivyo hivyo mpaka amri iishe. Haitaki data nyingi, mtu yeyote anaiweza. Lakini fikiria amri inakuja lini, inakuja upepo unapopanda, dhoruba inapoanza kuingia. Saa tatu usiku mtambo unatoa megawati 1, amri inaingia, saa sita usiku upepo ushafika pale ambapo ungetoa 2 na nusu au zaidi, lakini wewe kwenye karatasi umegandishwa kwenye ile 1 mpaka alfajiri. Kuna siku inakuwa kinyume, upepo unakufa na wewe unalipwa kama bado unavuma, ni kweli, lakini kwetu pwani hiyo ni mara chache kuliko ile nyingine.

Hesabu ndogo mnielewe. Chukua mtambo wa megawati 3, usiku wa upepo mzuri ungetoa wastani wa 2.4, ukazimwa masaa sita. Hizo ni yuniti 14,400. Ukiweka senti 8 za euro kwa yuniti unapata euro 1,152. Mitambo mitano, 5,760. Usiku mmoja tu. Sasa ukiidai kwa njia ya kugandisha na robo saa ya mwisho ilikuwa megawati 1, unapata yuniti 6,000 kwa mtambo, euro 480. Zile nyingine zimeenda na upepo kweli kweli.

Njia ya pili ndio hawa jamaa wanaiuza, ile ya kina. Juu ya kila mtambo, pale mgongoni nyuma ya mapanga, kuna kipima upepo. Unachukua kasi ya upepo ya kila robo saa, unaipeleka kwenye chati ya mtambo inayosema upepo wa kasi hii unatoa nguvu hii, unarekebisha kwa kulinganisha na jinsi mtambo ulivyofanya ulipokuwa huru, unatoa ulichozalisha kweli, ndio deni lako. Kuna na ya tatu katikati hapo, ya kina kidogo, inatumia data za hali ya hewa badala ya kipima chako, hiyo sikuijaribu kwa hiyo siisemi.

Nilidhani hii ya kina ni kubonyeza kitufe tu. Wapi. Nguvu ya upepo haipandi moja kwa moja, upepo ukiwa mara mbili nguvu iliyomo ni mara nane. Kwa hiyo kipima chako kikidanganya nusu mita tu, kikasema 7 na nusu kumbe ni 7, hesabu yako imepanda karibu robo, na kampuni ya nyaya sio wajinga, wana watu wamekaa kazi yao ni kutafuta hiyo nusu mita. Afu kipima kimekaa nyuma ya mapanga, mapanga yakizunguka upepo unaokifika ni mwingine na yakisimama ni mwingine. Yaani chombo kinasoma tofauti wakati uleule ambao ndio unabishania. Hawa jamaa hapo nawapa sifa zao, kitu cha kwanza walichofanya, kabla hata ya kutuma dai moja, walichukua rekodi zetu za mwaka mzima wakalinganisha kipima kwa kipima, wakatuambia mtambo namba nne kipima chake kimepinda, kinasoma chini kuliko wenzake. Mafundi walipanda mara ngapi sijui, hakuna aliyesema. Kikabadilishwa. Hiyo peke yake ilinifanya niwaamini mwaka mzima wa kwanza, labda kupita kiasi.

Sasa shida.

Mimi mtu wa Kisauni, nimekulia saa ya Kiswahili nyumbani na saa ya kizungu shuleni, mama akikwambia saa mbili unajua ni saa mbili ya kwenda shule, kwenye kitabu imeandikwa nane, na hujawahi kuchanganya maishani. Sikuwahi kuota kwamba hawa Wajerumani na mitambo yao yote wangeshindwa na kitu ambacho mtoto wa darasa la kwanza Mombasa anakijua. Faili za amri kutoka gridi zinakuja na saa ya dunia, ile ya Greenwich. Rekodi za mitambo yetu ziko kwa saa ya hapa. Wakati wa baridi tofauti ni saa moja, wakati wa joto tofauti ni masaa mawili. Programu ya hawa jamaa ilikuwa inasoma vyote kama saa ya hapa. Kwa hiyo kuanzia Machi walidai robo saa ambazo sizo, masaa mawili nje, wanadai mtambo ulizimwa wakati rekodi inaonyesha unazunguka vizuri kabisa, afu yale masaa mawili ambayo kweli tulikuwa tumesimama hawakuyadai. Miezi saba! Hakuna aliyeona. Niliona mimi, tena kwa bahati, usiku mmoja nilikuwa nimechelewa ofisini naona kwenye skrini mitambo yote imesimama, nikaandika saa kwenye karatasi bila sababu yoyote, wiki mbili baadaye dai linakuja halina ile saa.

Nikawapigia. Kijana wa kwanza akaniambia haiwezekani. Wa pili akasema labda ni saa ya kompyuta yangu. Wa tatu, mama mmoja wa makamo mwenye sauti ya kuchoka, akanyamaza kidogo akasema ngoja. Kesho yake asubuhi aliandika imeili ya mistari miwili, ni kweli, wanarudia yote. Yule mama ndio sababu sijawapa nyota 2.

Halafu Oktoba. Jumapili ya mwisho ya Oktoba saa zinarudishwa nyuma, siku ile ina robo saa 100 badala ya 96, na Machi kuna siku ina 92. Programu yao ilikuwa na nafasi 96 basi. Robo saa nne za ziada ziliandikwa juu ya zile nne za kwanza, mfumo wa kampuni ya nyaya ukaona hesabu haifungi ukakataa faili nzima ya siku ile, na siku ile kulikuwa na upepo sijapata kuona. Hiyo nimeieleza kwao mara nne.

Kuna na hadithi ya popo. Msicheke. Huku kuna sheria ya kulinda popo, usiku wa kiangazi upepo ukiwa mdogo na joto likipita kiasi fulani mitambo inajizima yenyewe popo wapite salama. Hiyo haina fidia, ilikuwa kwenye kibali tangu siku ya kwanza, mlijua mnajenga wapi. Ni sawa na barafu ikishika mapanga wakati wa baridi mtambo ukasimama, au fundi akiwa juu, hizo ni zako mwenyewe, huwezi kumdai mtu. Ikitokea amri ya gridi imekuja usiku uleule wa popo inabidi utoe zile robo saa ambazo hata bila amri ungekuwa umesimama. Hawa jamaa mwaka wa kwanza hawakusoma orodha ya sababu za kusimama inayotoka kwenye mtambo, wakadai zote. Kampuni ya nyaya ikarudisha na barua ya kistaarabu sana yenye sumu ndani yake, ikiuliza kama madai yetu mengine nayo yanahitaji kuangaliwa upya. Mzee mwenyekiti aliisoma mara mbili akaiweka mezani. Akasema sisi hapa kijijini tunauziana maziwa kwa neno tu, sitaki jina letu liwe hivi. Nikaona haya mimi wakati kosa si langu. Tuliondoa wenyewe zile za popo, na tangu hapo mimi mwenyewe napitia kila dai la Julai mpaka Septemba kabla halijatoka. Sasa jiulize, nawalipa wao au wanilipe mimi.

Bei hasi ni mtihani mwingine. Umeme ukizidi sokoni bei inashuka chini ya sifuri, mwaka 2024 ilitokea masaa 457 huku. Mitambo inayopata bei ya uhakika ya serikali ina sharti, bei ikiwa hasi muda fulani ile nyongeza unanyimwa, ilikuwa masaa sita mfululizo kwa ile ya zamani kidogo, ikapunguzwa hatua kwa hatua, na inayounganishwa tangu mwishoni mwa Februari 2025 ni hata robo saa moja tu. Sasa ukizimwa na gridi saa ambayo bei ni hasi umepoteza nini hasa? Kampuni ya nyaya inasema hukupoteza kitu, usingelipwa hata ungetoa. Na mara nyingi wako sawa, inauma lakini wako sawa. Kinachotakiwa ni mtu anayejua mtambo wako uko chini ya sharti gani na anayekata kwa usahihi, asikate siku nzima ovyo ovyo. Hapa hawa jamaa ni wazuri, sijaona kosa hata moja. Yaani kwenye sheria wamesoma, kwenye saa ndio zero.

Na pia kuna dalali. Huku umeme wetu unauzwa na kampuni ya kati, anauza leo umeme wa kesho kwa makisio. Tukizimwa, yeye alishauza, inabidi anunue kwingine kufidia, na bei ya kununua wakati huo sio ya mchezo. Utaratibu mpya ulisema kampuni ya nyaya imrudishie dalali umeme wenyewe kwenye vitabu vyake, ila mifumo yao ya data haikuwa tayari 2021, wakaweka mpango wa muda, na ule wa muda kama mambo mengi ya muda ukakaa. Kwa hiyo dalali naye anakuletea invoisi. Mkiwa mnatafuta kampuni ya madai ulizeni hili swali mapema: mnashughulika na dalali wetu pia ama mnaniachia mimi? Hawa wetu wanaandika kwenye brosha kwamba wanashughulika, ukweli ni wanamtumia nakala ya imeili basi. Dalali mwenyewe anatoa huduma ya madai, bei nafuu, tuliijaribu miezi mitatu kwa mtambo mmoja, lakini nikajiuliza huyu akibishana na kampuni ya nyaya anabisha kwa ajili yangu au kwa ajili ya hasara yake, sikupata jibu lililonilaza usingizi, tukaacha.

Lililowaokoa kwangu ni mambo ya 2021. Madai huku yana umri, miaka mitatu, inahesabiwa toka mwisho wa mwaka dai lilipozaliwa. Yaani Oktoba mpaka Desemba 2021, ile miezi mitatu ya kwanza ya utaratibu mpya ambapo kila mtu alikuwa amechanganyikiwa, inakufa tarehe 31 Desemba 2024 usiku. Mimi nilikuwa nimetuma barua kwa kampuni ya nyaya, nikajua basi nimejilinda. Yule mama akanipigia Novemba akaniuliza wamejibu? Nikamwambia hapana. Akasema barua peke yake haisimamishi saa, unahitaji wao waandike kwamba hawatatumia kisingizio cha muda kuisha, au uende mahakamani kabla ya mwaka mpya. Sikujua! Miaka yote hii sikujua. Akawaandikia, akawapigia, akawaandikia tena, karatasi ikaja na saini tarehe 19 Desemba. Hela zenyewe ziliingia Mei. Siwezi kutaja kiasi lakini ilikuwa zaidi ya tulichowalipa hawa jamaa tangu tuanze nao, na benki yetu ambayo kila robo mwaka inataka rejesho lake upepo uvume usivume ilitulia kidogo.

Sasa bei yao, manake najua ndio mnangoja. Ada ya kuanza kwa kila mtambo, halafu asilimia 6 ya kila hela inayoingia. Inasikika ndogo. Ubaya wake ni kwamba wanakata asilimia 6 hata kwenye zile hela ambazo kampuni ya nyaya ingelipa bila ubishi, na hizo ndizo nyingi. Ni kama umempa mtu kazi ya kukudaia madeni sugu afu anakata chake hadi kwenye mshahara wako wa kila mwezi kwa sababu umepitia mkononi mwake. Kwa shamba dogo la mitambo mitano inauma. Nimeongea nao kuhusu mkataba mpya, tunataka ada ya mwezi kwa mtambo, asilimia iwe kwenye yaliyobishaniwa tu. Walikataa, nikawaonyesha karatasi ya saa na karatasi ya popo, wakasema watafikiria. Mpaka jana walikuwa wamekubali nusu.

Kitu kingine ambacho hakuna anayekwambia: data ni ya nani. Kwenye mkataba wetu wa kwanza kulikuwa na mstari kwamba rekodi wakishazisafisha zinakaa kwao na tukiondoka tunapewa PDF. PDF! Za robo saa, mitambo mitano, miaka mitatu, hiyo ni zaidi ya mistari laki tano, unifungie kwenye PDF niifanyie nini, nichemshie chai? Huo mstari tumeufuta. Kama huna rekodi ya upepo ya kila robo saa, na sababu ya kila kusimama, huna dai, una malalamiko tu. Mimi sasa naweka nakala yangu mwenyewe kila Ijumaa kwenye diski mbili, moja iko nyumbani kwenye kabati la vyombo na mke wangu hafurahii.

Yule jamaa wa Kajiado aliniuliza kama hii huduma ingefaa nyumbani. Nikamwambia nyumbani kumejengwa kivingine. Chukua Turkana, mitambo 365 ya kilowati 850 kila mmoja, megawati 310, mkataba wa miaka 20 na mnunuzi mmoja. Mnamkumbuka yule mkandarasi wa Uhispania aliyefilisika 2017, laini ya zaidi ya kilomita 400 kutoka Loiyangalani mpaka Suswa ikachelewa, mitambo imesimama inatazama ziwa na mkataba unahesabu, serikali ikaishia kulipa mabilioni ya shilingi kwa umeme ambao haukuwasha hata balbu moja. Laini ilikuja kuunganishwa Septemba 2018. Na hata baada ya hapo usiku watu wamelala mahitaji yanashuka, mvuke wa ardhini wa Olkaria hauufungi kama bomba la jikoni, basi wanaambiwa upepo wapunguze, na ule uliopunguzwa unahesabiwa kama umetolewa. Kwa hiyo kule hakuna haja ya kampuni ya kukimbizana na mamia ya madai madogo madogo, mnunuzi ni mmoja na mkataba ni mmoja. Ila kipima upepo kipo palepale mgongoni, na ubishi wa nusu mita upo palepale, kwa hiyo nikamwambia ajifunze hiyo kwanza. Na anayelipa mwishoni ni yuleyule pia, mwenye mita nyumbani, huku inaingizwa kwenye ada ya nyaya ndani ya bili, kule inajificha kwenye bei ya yuniti. Shemeji yangu Likoni anasema bora huko kwenu mnaona mstari wake. Sio kweli, huku pia hauonekani, umechanganywa na mengine.

Kuna mtu ataniuliza kwa nini wasiwashe tu mashine za hidrojeni au betri badala ya kuzima. Jirani zetu wameweka betri, mimi sijaona hesabu zake, siku nikiziona ntaandika.

Basi. Kusoma sheria 5, kujua vipima 5, kujibu simu 3 kama umempata yule mama na 1 kama umempata kijana wa kwanza, programu 2, bei 2. Ukiwa na mtambo mmoja au miwili usijisumbue nao, fanya kwa eksel, njia ya kugandisha, ila weka kengele ya Novemba kila mwaka ya yale madai yanayokaribia kufa. Ukiwa na kumi kwenda juu nenda nao, lakini omba wakuonyeshe faili ya Jumapili ya mwisho ya Oktoba kabla hujasaini. Sisi wa mitano tuko hapo katikati, mzee amesema tuwape mwaka mmoja zaidi kama watakubali ile ada, na mimi nimeongeza sharti langu kwamba yule mama awe ndio mtu wetu kwa maandishi.

Zile robo saa nne za Oktoba bado hawajalipa.